Nyimbo za Taifa za Tanzania na Zambia: Tuni Moja, Mataifa Mawili

Rais wa Zambia anapopokelewa nchini Tanzania kwa gwaride la heshima, bendi hupiga nyimbo za Taifa za nchi zote mbili. Kwa kuwa hupigwa kwa ala bila maneno, asiyefahamu historia yake anaweza kudhani kuwa wimbo mmoja umerudiwa.

Nyimbo hizo zina asili moja, nayo ni “Nkosi Sikelel' iAfrika”, uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini. Tanganyika iliuchukua kwa maneno ya Kiswahili ilipopata Uhuru mwaka 1961, na Zambia ikafuata mwaka 1964 kwa maneno ya Kiingereza. Zimbabwe iliutumia kuanzia mwaka 1980 hadi 1994, na tangu mwaka 1997 sehemu yake imo katika Wimbo wa Taifa wa Afrika Kusini uliounganishwa.

Ubeti wa kwanza wa Wimbo wa Taifa wa Tanzania huiombea Afrika, na wa pili huiombea Tanzania. Mpangilio huo unashabihiana na msimamo wa Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, aliyezikwa Butiama, mkoani Mara, tarehe 23 Oktoba, 1999, kwamba uhuru wa Tanganyika haukukamilika wakati nchi nyingine za Afrika zikitawaliwa.

Hivyo, tuni inaposikika mara ya pili, wananchi wanapaswa kuendelea kusimama kwa utulivu na heshima ileile, kwani Taifa linaloheshimiwa ni jingine.