Dhahabu ya Zanzibar ilikaa kwa nani?

Wandugu, juma lililopita tulibishana humu kama pesa ni lazima iwe na dhahabu nyuma yake. Niliahidi kuandika, basi naandika.

Nianze nyumbani. Koko yangu, mama ya mama, alivuka mpaka na bahasha ya zaire za zamani. Ndani yake kuna ile noti ya milioni tano ya Mobutu. Januari 1993 wanajeshi walilipwa nayo, wenye maduka wakaikataa, Kinshasa ikaporwa. Oktoba mwaka ule ule ikaja zaire mpya: milioni tatu za zamani kwa moja. Kule Kasai watu waliikataa hiyo mpya, wakabaki na makaratasi yao ya zamani, na yakashika thamani kuliko mpya! Nikimuuliza Koko mbona hazitupi, anajibu: "Kuna mtu aliahidi."

Nikatafuta huyo anayeahidi ni nani, na anaahidi akiwa na nini mkononi. Kongo ni kubwa mno, unapotea. Nikachukua Zanzibar kwa sababu ni visiwa vidogo, na pesa yake mtu unaweza kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho.

Zamani kule watu walihesabu kwa reale, ile sarafu ya fedha ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, na pia kwa rupia za Uhindi. Mwaka 1882 Sultani Barghash akaagiza reale zake mwenyewe, zikatengenezwa Brussels. (Ndiyo, Brussels ile ile. Wabelgiji hawakosekani.) Nyingine zilikuwa za dhahabu, lakini chache sana, leo ni vitu vya wakusanyaji. Ndiyo mara moja tu Zanzibar ilikuwa na pesa ya dhahabu yenye jina la mtawala wake.

1908 serikali ya Zanzibar, tayari chini ya ulinzi wa Waingereza, ikatoa noti za rupia. Picha zake ni jahazi na watu wanachuma karafuu. Hapo mimi nilisimama kidogo. Waliochora walijua utajiri wa kisiwa uko wapi: kwenye mti na kwenye bahari. Zanzibar ilikuwa inauzia dunia karafuu kuliko nchi yoyote, lakini karafuu huwezi kuifungia kwenye sanduku la benki ukasema hii ndiyo akiba yangu. Kwa hiyo rupia ilifungwa kwa pauni: rupia 15 kwa pauni moja. Na pauni ya dhahabu ilikuwa na gramu 7.3 hivi za dhahabu safi. Mchumaji wa Pemba alikuwa ameshika dhahabu, kwa hesabu tu. Dhahabu yenyewe ilikuwa kwa wengine.

Halafu bara wakaenda njia yao. Desemba 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ofisi London, na shilingi ikaingia Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar ikashikilia rupia yake hadi tarehe 1 Januari 1936, ndipo ikaingia kwenye bodi: rupia moja kwa shilingi 1.50.

Sasa angalieni tarehe. Uingereza iliacha kubadilisha pauni kwa dhahabu Septemba 1931. Zanzibar ilipojiunga, ule mnyororo ulikuwa umeshakatika miaka minne na zaidi. Kilichokuwa nyuma ya shilingi ni hati za mikopo za serikali ya Uingereza, zimekaa London. Yaani nyuma ya shilingi zilizotembea sokoni Unguja kulikuwa na karatasi Uingereza zilizosema Waingereza wanadaiwa. Kisiwa kilichuma karafuu, akiba ikamkopesha mkoloni! Mtu akiniambia huo ulikuwa mpango mbaya kwa wote sitamkubalia kabisa, maana pesa ile haikuharibika kama ya Mobutu. Lakini mwenye akiba hakuwa na ufunguo.

Bodi ikahamia Nairobi 1960. Januari 1964 ni mapinduzi, Aprili ni Muungano, na Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango. Mali za bodi zikagawanywa kwa nchi tatu, na Zanzibar haikuwa tena nchi peke yake kwenye meza ile. Fungu lake lilikwenda wapi? Ndo swali ambalo Wazanzibari wameliuliza miaka na miaka, limo kwenye orodha ya zile wanazoziita kero za Muungano. Upande mmoja unasema: hilo ni letu, lilikuwapo kabla ya Muungano. Upande mwingine unasema: benki ni ya wote.

Mimi naona swali lao ni la haki, hata kama pesa yenyewe si nyingi. Aliyeacha kitu kwa jirani bila risiti analijua vizuri, na humu tuko wengi.

Siku hizi Benki Kuu ya Tanzania inanunua dhahabu. Tangu Oktoba 2024 wanaouza dhahabu nje wametakiwa kutenga asilimia 20 kwa ajili yake. Ni dhahabu ya bara, Geita na kwingineko. Kwenye vitabu itaandikwa Tanzania, basi, na sehemu ya visiwani itakuwa humo humo ndani bila mstari wake.

Mwenye zaire za zamani kwao atume picha. Ya Koko nitaweka kesho akinikubalia.