Daktari katika Upelelezi wa Ukatili dhidi ya Watoto

Katika kesi za ukatili dhidi ya watoto, daktari humpima mtoto, au mwili wake akishafariki, huandika alichokiona na kuieleza mahakama jeraha lingeweza kutokana na nini. Uzito wa kazi hii unajulikana: mtoto mchanga hasemi, na mara nyingine aliyemleta hospitali ndiye aliyempiga.

Mwaka 1860 daktari Mfaransa Ambroise Tardieu aliandika habari za watoto 32 walioteswa. Ilipita zaidi ya karne moja ndipo C. Henry Kempe na wenzake wa Denver, Marekani, walipoiamsha taaluma ya udaktari kwa makala yao ya 1962. Picha za eksirei zilionyesha mfupa mmoja umeanza kuunga na mwingine umevunjika juzi tu, ilhali wazazi walidai mtoto alianguka mara moja. Kufikia 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria za kuripoti visa hivyo.

Daktari makini hupima pia damu na mifupa, kwani yapo maradhi yanayoacha alama kama za kipigo.

Nchini Tanzania maoni yake huandikwa kwenye PF3, fomu ya polisi inayojazwa hospitali. Mshtakiwa lazima aelezwe kuwa ana haki ya kutaka daktari huyo aitwe ahojiwe. Hakimu akisahau, Mahakama ya Rufani huiondoa fomu kwenye ushahidi. Kesi haifi kwa hilo. Katika shauri la Selemani Makumba la 2006, mahakama hiyo ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Msimamo huo ni kinga kubwa kwa watoto, maana wengi hupimwa wasikutwe na jeraha. Utafiti wa Marekani wa 2004 uliangalia wasichana 36 wenye mimba: ni 2 tu waliokutwa na alama za wazi za kuingiliwa. Kwa hiyo daktari anayeandika "hakufanyiwa kitu" pale alipopaswa kuandika "sikuona jeraha" anamdhulumu mtoto.

Kosa la upande wa pili nalo huangamiza. Mwaka 1999 wakili Mwingereza Sally Clark alitiwa hatiani kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Profesa Roy Meadow, daktari wa watoto, aliieleza mahakama kuwa uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama hiyo ni 1 kwa milioni 73. Hesabu hiyo ilichukua uwezekano wa kifo kimoja, 1 kwa 8,543, na kuuzidisha kwa wenyewe, kana kwamba ndugu wa tumbo moja hawana urithi wala mazingira ya pamoja. Chama cha Kifalme cha Takwimu kilipinga hadharani. Clark aliachiwa 2003, baada ya kubainika kuwa mchunguzi wa maiti hakuwa ametoa majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria mwilini mwa mtoto wa pili. Alifariki 2007.

Mwaka 2004, ikieleza sababu za kumwachia mama mwingine, Angela Cannings, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilionya dhidi ya kuendesha mashtaka ya aina hiyo pale mabingwa wanapotofautiana vikali na hakuna ushahidi mwingine wa maana.