Ti Chini ya Re: Habari za Fungu Moja la Sauti

Muziki mpya wa jazi uliposikika kwa wingi katika santuri za Marekani mwaka 1945, wengi walidhani umeanguka kutoka mawinguni. Wahakiki kadha wa miaka ile walimwona Thelonious Monk, mpiga piano wa Harlem, kuwa mtu asiyejua kazi yake, ambaye vidole vyake vilijikwaa tu juu ya sauti za ajabu. Hukumu hiyo yawadhulumu watu waliokuwa na elimu, na waliojua kwamba wanayo. Fungu moja la sauti latosha kutoa ushahidi.

Fungu la sauti ni sauti tatu au zaidi zipigwazo kwa pigo moja. Msomaji aliyefundishwa do-re-mi na aimbe polepole re, fa, la. Hilo ni fungu dogo, lenye huzuni kidogo. Aongeze ti, ambayo ni sauti ya sita kuhesabu tangu re. Kisha aishushe ti hiyo iwe chini ya zote. Sasa anayo ti, re, fa, la, na huzuni imegeuka kuwa mashaka: sikio halijui lielekee wapi.

Sauti hizi hazikuwa ngeni duniani. Rameau alikwisha kufundisha katika kitabu chake, kilichochapwa Paris mwaka 1722, kwamba fungu hubaki lile lile hata sauti zake zikibadilishana nafasi. Wagner naye alifungua tamthilia yake ya Tristan na Isolde, iliyochezwa mara ya kwanza Munich mwaka 1865, kwa fungu la namna hiyo hiyo, na wataalamu hawajaacha kulibishania tangu siku ile. Kwa hiyo hatusemi kwamba Monk alilibuni. Twauliza lilifundishwaje, na kwa jina gani.

Monk, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa mpiga piano wa kilabu cha Minton's Playhouse, mtaa wa 118, tangu mwaka 1941. Dizzy Gillespie, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1979, akiri wazi kwamba fungu hilo alilisikia kwanza kwa Monk, akalitia katika wimbo wake Woody'n You na katika utangulizi wa 'Round Midnight. Hawakuliita kwa jina la vitabuni. Waliliita fungu dogo lenye sita, sita ikiwa kwenye besi. Jina hilo ni somo zima, maana lamwambia mwanafunzi mahali pa kuweka mkono.

Tazama faida yake. Mkono wa kulia ukishika re, fa, la, ti na wa kushoto ukapiga re, tuna fungu tulivu. Kushoto kukipigwa ti, tuna fungu la mashaka, liombalo kwenda mi, na kutoka mi kwenda la. Kushoto kukipigwa so, tuna fungu la so lenye sauti ya tisa, lirudilo nyumbani do. Mkono mmoja haukusogea, na mafungu matatu yamepatikana! Ajifunzaye kwa kukariri majina matatu mbalimbali atachukua mwezi. Wa Harlem alichukua usiku mmoja, akiwa ameketi kando ya mwenziwe.

Gillespie alikuwa mpiga tarumbeta, chombo kitoacho sauti moja moja. Ndiyo maana aliitafuta piano, akamhimiza na kijana Miles Davis, aliyefika New York mwaka 1944, aifanye vivyo hivyo. Na darasa halikuwa kilabuni tu. Mary Lou Williams, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa ametunga na kupanga muziki wa bendi ya Andy Kirk, aliwafungulia mlango wa nyumba yake ya Hamilton Terrace. Monk, Bud Powell na Tadd Dameron walikwenda huko baada ya kazi, wakapiga piano yake na kushauriana. Mama huyo hutajwa kama mwenyeji. Mimi namwita mwalimu.

Kwa nini basi ilionekana kama ajabu ya ghafula? Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligoma kurekodi santuri, na makampuni mawili makubwa, Columbia na Victor, hayakupatana nacho mpaka Novemba 1944. Miaka ya kujifunza ikapita bila kuandikwa kwenye santuri. Yaliyobaki masikioni mwa umma ni matunda, si mti.

Huko Detroit, Barry Harris, aliyezaliwa mwaka 1929, alikuwa akiwafundisha vijana nyumbani kwake katika miaka ya 1950. Baadaye alihamia New York, na mwisho akakaa Weehawken, ng'ambo ya mto Hudson, katika nyumba ile ile alimoishi Monk mpaka kufa kwake mwaka 1982. Harris aliendelea kufundisha hadi uzeeni, akafariki Desemba 2021. Wanafunzi waliomletea ti, re, fa, la kwa jina walilolipata vyuoni aliwakatalia, akawataka wahesabu tangu re.