Askari, kompyuta na kiti kinachotazama mlango

Wiki nzima nimekuwa nikisoma jambo lililoanzia kwa mjomba wangu, aliyepigana Vita ya Kagera mwaka 1979. Mpaka leo ukimpeleka mgahawani hakai mpaka apate kiti kinachotazama mlango. Zamani tulikuwa tunamtania. Siku hizi nimeacha.

Hali hii ilichelewa sana kupewa jina. Mwaka 1915 Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet kuhusu askari wa Uingereza waliopoteza kumbukumbu, kuona na kunusa baada ya makombora kulipuka karibu nao. Wengine waliambulia risasi: katika vita ile askari 306 wa jeshi la Uingereza waliuawa na wenzao kwa utoro, woga na makosa ya aina hiyo, na inaaminika baadhi yao walikuwa wagonjwa tu. Msamaha wao ulikuja mwaka 2006! Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutambua ugonjwa huu mwaka 1980, miaka 5 baada ya Vita ya Vietnam kwisha.

Sasa kompyuta. Mwaka 1986 MacLeod, Mathews na Tata waliwaonyesha watu maneno mawili kwenye skrini, moja la kutisha, jingine la kawaida. Yakitoweka, kinatokea kinukta mahali pa mojawapo, nawe unabonyeza kitufe. Wenye wasiwasi waliwahi zaidi kinukta kilipotokea palipokuwa na neno la kutisha. Kumbe macho yao yalikuwa pale tayari. Baadaye watafiti wakakigeuza kipimo kuwa zoezi: weka kinukta kila mara upande wa kawaida, macho yazoee kuiacha hatari.

Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Mwaka 2015 Amy Badura-Brack, Yair Bar-Haim na wenzao walichapisha majaribio yao kwa askari wa zamani wa Israel na Marekani. Kundi moja lilifanya zoezi hilo. Kundi la pili liliwekwa kwa ajili ya kulinganisha tu: kinukta kilitokea pande zote mbili sawa kwa sawa. Basi bwana, hao wa kulinganisha ndio waliopata nafuu zaidi! Maelezo ya watafiti ni kwamba macho ya askari hawa hayajanata kwenye hatari, yanayumba: mara yanaikimbilia, mara yanaikwepa. Kinukta kisichotabirika kinamzoeza mtu kuipuuza picha na kufanya kazi iliyopo mbele yake.

Haijachukua nafasi ya tiba ya mazungumzo, msinielewe vibaya. Ila juzi nilimweleza mjomba, tukiwa mgahawani, yeye kwenye kiti chake kilekile. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa mjomba," akaniambia. "Sasa mlango ataangalia nani?"