Programu ya Kale katika Simu Mpya

Siku ya soko pale Ogwedhi, mahali ambapo nchi ya Migori inakaribiana na nchi ya Wamaasai wa Trans Mara, mtu huona simu za kila namna. Kijana mfanyabiashara anayo simu ya kioo, pana kama kiganja. Mama auzaye omena anayo simu ndogo ya vibonye, ile ambayo Wakenya waliipa jina la mulika mwizi kwa sababu ya kurunzi yake. Vyombo hivi viwili havilingani kwa umbo, wala kwa nguvu, wala kwa bei. Hata hivyo kijana akimlipa mama yule kwa M-PESA, yawezekana kabisa kwamba orodha ya maneno anayoifungua ni ile ile aliyo nayo mama, nayo ni ya aina iliyotangulia kuzaliwa kabla ya simu yoyote ya jamii ya simu ya kijana. Ningependa, msomaji, tufuatane katika historia ya jambo hili, tuone imekuwaje programu iliyotungwa kwa ajili ya chombo cha jana ifanye kazi ndani ya chombo cha leo.

Kwanza yafaa tuelewane. Kila kompyuta, na simu nayo ni kompyuta, ina programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Programu nyingine haziigusi mashine kwa mikono yao. Huuomba mfumo huo: nionyeshee maneno haya, nihifadhie hesabu hii, nipokelee herufi atakazobonyeza mtu. Maombi hayo yana lugha yake maalumu. Mfumo mpya ukija na lugha nyingine, programu ya kale huwa kama mjumbe aliyetumwa kwenye baraza la ugenini bila mkalimani: ujumbe anao, lakini hana wa kumsikia.

Taabu hii si ya juzi. Mwaka 1959 kampuni ya Marekani iitwayo IBM ilitoa kompyuta ya namba 1401, ikapendwa mno na wafanyabiashara, nao wakaiandikia programu za mishahara, za ghala na za madeni. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ikatangaza jamii mpya ya mashine, System/360, bora kwa kila hali ila moja: hazikuielewa lugha ya 1401. Wakati huo huo mshindani wake, Honeywell, alikuwa amekwisha kutangaza mashine iliyoweza kuzipokea programu za 1401 kwa mabadiliko machache, na wateja walianza kumwendea. IBM ikalazimika. Wahandisi wake wakatia ndani ya mashine mpya ndogo ndogo maagizo ya siri yaliyoifanya mashine, ikitakiwa, ijifanye ni 1401. Basi programu ya kale ikaendeshwa pasipo kujua kwamba nyumba yake imekwisha bomolewa. Tendo hilo la mashine moja kuiga nyingine limetumika toka siku hizo hata leo.

Huenda shuleni kwenu ipo programu ya hesabu za karo au ya vitabu vya maktaba iliyoandikwa zamani za MS-DOS, mfumo uliotoka mwaka 1981. Ukiipeleka kwenye kompyuta ya Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, itakataa katakata, kwa maana Windows 11 ni ya biti 64 pekee, na Windows za namna hiyo hazipokei programu za biti 16 za DOS. Dawa iko. Tangu mwaka 2002 ipo programu ya bure iitwayo DOSBox, ambayo huiga kompyuta nzima ya zamani pamoja na DOS yake, ukaiona katika dirisha moja dogo juu ya kioo kipya. Hiyo ni njia ya IBM tena, ila sasa imefanywa kwa programu tupu. Lakini nisikuweke sana hapo, kwa kuwa mfano ulio bora zaidi tunao mifukoni mwetu.

Mwezi wa Oktoba 2005, M-PESA ilianza kujaribiwa Nairobi na Thika kwa mawakala wachache tu. Nia ya kwanza ilikuwa kuwasaidia wakopaji wa shirika la Faulu walipe madeni yao kwa simu. Wenye kazi hiyo, Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, walikuta kwamba watu waliitumia huduma hiyo kwa haja zao wenyewe: kumtumia mwenzio pesa, au kuweka fedha mahali pa salama kabla ya safari. Kwa hiyo Safaricom ilipoifungulia nchi nzima tarehe 6 Machi 2007, iliitangaza kwa jambo jepesi la kutuma pesa nyumbani.

Hebu fikiri juu ya simu za mwaka ule. Duka la programu, ambamo leo mtu huchota apendalo, halikuwapo. Simu ya iPhone ilianza kuuzwa mwezi wa Juni mwaka huo huo. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa Oktoba 2008. Wateja wa M-PESA walikuwa na simu za vibonye za kila kiwanda, na kila kiwanda kilikuwa na mfumo wake. Kuandika programu kwa kila mfumo kungekuwa kazi isiyo na mwisho. Ndipo wakaiweka programu mahali pasipo pa kiwanda chochote cha simu, yaani ndani ya laini.

Laini, ambayo wataalamu huiita kadi ya SIM, si kipande cha plastiki tu. Doa lile la rangi ya dhahabu limefunika kompyuta ndogo sana, yenye kichwa chake cha kufikiri na kumbukumbu yake. Kadi za kwanza zilitengenezwa Ujerumani mwaka 1991 kwa ajili ya kampuni ya simu ya Ufini. Baadaye, katika miaka ile ile ya tisini, wataalamu wa Ulaya waliandika mapatano ya jinsi kadi iwezavyo kuiamrisha simu, badala ya kungoja kuulizwa.

Mapatano hayo ni mafupi na ya akili, nami nayahesabu kuwa miongoni mwa kazi nzuri za uhandisi za zama zetu. Simu inapowashwa huiambia kadi: mimi naweza kuonyesha maandishi, naweza kutoa orodha, naweza kupokea namba na kupeleka ujumbe mfupi. Kadi nayo hujibu kwa maagizo: weka orodha hii; mwulize mtu kiasi cha fedha; mwulize namba ya siri; peleka ujumbe huu. Majibu yakipatikana, kadi huyafunga kwa maandishi ya fumbo ambayo njiani hayasomeki, na simu huyapeleka tu bila kufahamu yaliyomo. Simu imekuwa kioo na vibonye. Mwenye kutenda ni kadi.

Sasa waona kwa nini programu ile haikufa. Viwanda vya simu vilibadilika, vingine vikaanguka, mifumo mipya ikaja na kioo cha kugusa. Kadi yenyewe ilipunguzwa plastiki yake mara mbili ili iingie katika simu nyembamba. Lakini mapatano yale machache hayakuvunjwa. Waliotengeneza Android waliweka ndani yake programu ndogo ya kuyatii maagizo ya kadi, na iPhone nayo huyatii. Ikiwa una simu ya Android yenye laini ya Safaricom, tafuta alama iitwayo SIM Toolkit; ukiifungua utakuta maandishi makavu yasiyo na picha wala rangi za kupendeza. Vijana wengi huyaona machafu. Mimi huona uso wa mtu mzima aliyeketi kimya kati ya watoto.

Jambo la ajabu zaidi lilitukia upande usioonekana. Kwa miaka ya mwanzo mitambo mikuu ya M-PESA ilikuwa Ujerumani. Mwezi wa Aprili 2015 ilihamishiwa Kenya, tena haikuhamishwa ilivyo: programu kuu ilibadilishwa, mahali pake pakawekwa nyingine iliyotengenezwa na Huawei. Mama wa omena hakuhitaji kununua simu nyingine wala kujifunza orodha nyingine, kwa kuwa ujumbe uliotoka katika laini yake uliendelea kupokelewa kama kwanza.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila cha kale kikiachwa humo ni heri. Septemba 2019 kampuni ya usalama ya AdaptiveMobile Security ilitangaza kwamba katika kadi za nchi kadhaa imo programu ya zamani iitwayo S@T Browser, ambayo mapatano yake yalikuwa hayajatengenezwa upya tangu mwaka 2009. Wenye nia mbaya waliipelekea ujumbe mfupi wa namna maalumu, nayo, kwa utiifu wake wa kijinga, ikawafichulia mahali alipo mwenye simu, naye asione dalili yoyote. Programu ile haikuwa na wa kuiangalia. Ilikuwa imesahauliwa tu. Tofauti yake na orodha ya M-PESA haiko katika umri bali katika kuwa na mlinzi.

Tangu mwaka 2021 Safaricom inayo programu ya M-PESA ya simu za kioo, yenye picha na hesabu za matumizi, na anayeweza huitumia kwa raha. Mwenye mulika mwizi hana njia hiyo. Simu yake husikia mtandao wa kizazi cha pili tu, na siku mtandao huo utakapozimwa, simu itanyamaza hata kama laini ni nzima. Laini yaweza kutiwa katika simu nyingine, lakini simu nyingine hununuliwa, na bei yake yaweza kuwa sawa na omena za siku nyingi. Kwa sababu hiyo swali la lini kuuzima mtandao wa kale haliwahusu wahandisi peke yao, na msomaji atakayekuwa mhandisi au mbunge atalikuta mezani pake.

Nchi nyingine zimekwisha kuuzima. Na katika simu mpya za bei ghali kadi yenyewe inatoweka: doa lile hushikizwa moja kwa moja ndani ya simu kiwandani, na habari za laini huletwa hewani. Hata humo, simu ikiwashwa, hulieleza doa hilo yale inayoyaweza, na doa hujibu kwa amri: weka orodha hii.