Deni la Karafuu, Likitazamwa Kutoka Kojani

Ukisimama Kojani, mashamba makubwa ya karafuu yako ng'ambo, magharibi mwa Pemba. Shamba la Mkojani ni bahari. Msimu ukiwadia huenda dago.

Bei ya karafuu ilipoporomoka baada ya 1929, wenye mashamba walikabwa na madeni. Wengi walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa rehani, au kwa bei khiari: mtu huuza shamba kwa sharti la kulikomboa, hukaa humo humo akilipa kodi, na riba (tusidanganyane) ikajificha ndani ya kodi.

Mwaka 1934 Serikali ya Himaya ya Uingereza ilisimamisha madai kwa muda, ikazuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wadai bila idhini. Ilipokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya usafirishaji, Wahindi waligomea zao hilo, 1937 hadi 1938. Mgomo ukaisha kwa mapatano, na mwaka 1938 ikatoka sheria ya kusuluhisha madeni ya ardhi.

Ya ardhi, nasema. Mvuvi hakuwa na mkarafuu wa kulindiwa. Dau lake likipasuka mwambani, deni la nyavu humngoja pwani, alilipe kwa samaki wa dago lijalo.