Kuchagua Ubobezi katika Shahada Mtambuka ya Muziki: Hoja ya Kutanguliza Mbinu

Ikisiri

Shahada mtambuka ya muziki humtaka mwanafunzi ausome muziki pamoja na historia, lugha, anthropolojia, teknolojia ya sauti na biashara, kisha achague eneo moja la kubobea. Makala hii inadai kwamba uchaguzi huo uongozwe na mbinu ya kupata na kuhakiki ushahidi ambayo mwanafunzi anataka kuimudu. Mada anayoipenda na kazi anayoitarajia zije nyuma yake. Hoja inajengwa kwa kuchunguza santuri za taarabu alizorekodi mwimbaji Siti binti Saad mwaka 1928, kwa kupitia historia ya taaluma yenyewe, na kwa kuangalia jinsi ajira za wanamuziki zilivyobadilika Tanzania. Mwisho inapendekeza namna ya kuupanga mwaka wa kwanza wa masomo.

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu kusoma muziki hukutana mapema na orodha ya michepuo: uimbaji na upigaji ala, utunzi, ethnomuzikolojia, elimu ya muziki, teknolojia ya sauti, biashara ya muziki. Majina hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, ila ulazima wa kuchagua ni uleule, na muda ni mfupi. Shahada nyingi za sanaa huchukua miaka 3 nchini Tanzania na miaka 4 nchini Kenya.

Ushauri anaoupata huwa wa aina mbili. Wazazi na ndugu humwuliza atapata kazi gani. Walimu na marafiki humwambia afuate kile anachokipenda. Pande zote mbili zinamtakia heri, lakini zote zinaliruka jambo la msingi. Kila eneo la ubobezi lina utaratibu wake wa kuthibitisha mambo: nini kinahesabika kuwa ushahidi, unapatikana wapi, na nani ana haki ya kuupinga. Utaratibu huo hujengeka polepole, chini ya jicho la mwalimu, na ndio mhitimu anaobaki nao wakati mada imechuja na kazi imebadilika. Kwa hiyo ndio unaostahili kuchaguliwa kwanza.

2. Santuri moja, ushahidi wa aina nne

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni iliyouza santuri kwa nembo ya His Master's Voice. Tuchukue santuri moja ya safari ile na tuwape wanafunzi wanne wa shahada moja.

Wa kwanza anasoma historia. Mfano wake ni Laura Fair, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar baada ya kukomeshwa kwa utumwa alizisoma nyimbo za Siti sambamba na masimulizi ya wazee na nyaraka za serikali. Kwa mwanafunzi huyu maneno ya wimbo ni ushuhuda wa namna watu wa mjini walivyojadili haki, mahakama na heshima. Kazi yake ni kulinganisha: wimbo unasema nini, mzee anakumbuka nini, jalada la kesi limeandika nini, na vinapogongana, kipi kiaminiwe.

Wa pili anapiga udi. Anausikiliza wimbo ili aupige upya. Anatafuta maqamu, anafuatilia mapambo ya sauti na mahali mwimbaji anapovuta pumzi, na anagundua kwamba baadhi ya vipimo vya sauti havimo katika vibao vya piano. Sehemu ya ushahidi wake imo vidoleni. Hupatikana kwa kurudia kifungu mpaka mwalimu akubali kwamba sasa kimekaa.

Wa tatu anasoma lugha na ushairi. Anahesabu mizani, anapanga vina, kisha anaweka ubeti juu ya lahani. Neno la Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, naye anataka kujua lahani inauheshimu mkazo huo wapi, inauvunja wapi, na anayesikiliza anafahamuje maneno pale unapovunjwa.

Wa nne anasoma teknolojia ya sauti. Anajua kwamba santuri ya inchi 10 ya enzi hizo ilibeba takribani dakika 3 kila upande. Anajua pia kwamba mitambo haikuzunguka daima kwa mizunguko 78 kamili kwa dakika, na kwamba kasi ikizidi kwa karibu asilimia 6 wimbo mzima hupanda nusu toni na kuharakika.

Wanne hawa wanahitajiana kwa sababu kila mmoja anaweza kuzuia kosa la mwenzake. Mwanahistoria asiyejua ukomo wa dakika 3 atadhani wimbo ulikuwa mfupi hivyohivyo hata ulipoimbwa mbele ya watu usiku kucha. Mpiga udi asiyejua habari ya kasi ya mitambo atatangaza kimo cha sauti ya Siti ambacho pengine ni kimo cha mashine. Mtaalamu wa sauti asiyeujua muziki wenyewe ataondoa mikwaruzo na kufuta pamoja nayo mlio wa vibati vya rika, ile tari ndogo ya taarabu. Mshairi asiyesikiliza lahani atailaumu mizani kwa jambo lililofanywa kwa makusudi na mwimbaji.

Sasa tumwongeze mwanafunzi wa tano, aliyeonja kozi moja moja ya kila upande na asibobee popote. Anaweza kufuata mazungumzo ya wenzake wote, lakini hakuna swali ambalo wanne hao watamrudia yeye ili awajibu. Hapa ndipo wanaoamini kwamba umtambuka hauhitaji ubobezi wanapokosea. Taaluma zikutanapo, faida hutoka kwa mtu aliye na kitu anachoweza kukithibitisha mbele ya wasiokijua.

3. Mgawanyiko tuliourithi

Michepuo tunayowapangia wanafunzi ina historia, na kuijua kunasaidia kuchagua bila kutishwa na majina. Mwaka 1885 Guido Adler, mwanazuoni wa Austria, aliigawa taaluma ya muziki katika sehemu ya kihistoria na sehemu ya kimfumo. Muziki wa watu wasio wa Ulaya ukapata nafasi katika sehemu ya pili, kama jambo la kulinganishwa, huku historia ikibaki kuwa ya Ulaya. Kwa upande mwingine, vyuo vya wapigaji kama kile cha Paris, kilichoanzishwa mwaka 1795, vilikuwa vimekwisha kujenga njia yao ya kufundisha ala. Hivyo anayechambua akatengwa na anayepiga, na idara nyingi za Afrika zimerithi kuta hizo pamoja na mitaala.

Karne ya 20 ilileta majaribio ya kuzibomoa. Mwaka 1960 Mantle Hood, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), alitetea kwamba mtafiti ajifunze kuupiga muziki anaouchunguza mpaka awe mwanamuziki wa mapokeo mawili. Mwaka 1964 Alan Merriam alipendekeza kwamba muziki usomwe katika ngazi tatu, yaani sauti yenyewe, matendo ya watu wanaoitoa na kuipokea, na fikra zinazoyaongoza matendo hayo. Pendekezo la Merriam lina faida ya moja kwa moja kwa mwanafunzi wetu, maana linamwonyesha kwamba kuchagua mchepuo ni kuchagua ngazi ya kuanzia, na kwamba ngazi nyingine mbili zitamdai jibu kabla hajamaliza.

Maisha ya Kwabena Nketia wa Ghana yanathibitisha, kuliko nadharia, kwamba mbinu ya mwanzo hubaki hata mada zikibadilika. Katika miaka ya 1940 alisoma isimu London, na kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu nyimbo za maombolezo za Waakan kinaonyesha sikio lililofunzwa kupima lugha. Alipogeukia ngoma, mafunzo hayo hayakupotea. Kiakan ni lugha ya toni, na ngoma zinazosema huiga toni hizo, kwa hiyo mtu aliyefunzwa kuchambua toni za usemi alikuwa na namna ya kuhakiki kile ngoma inachosema. Mada zake zilipanuka mpaka zikalienea bara zima, naye akaendelea kuzikabili kwa mbinu aliyoimudu ujanani.

4. Hoja ya ajira

Wanaosisitiza ajira wana haki ya kusikilizwa. Familia nyingi zimejinyima ili kijana asome, na si vyema kuwajibu kwa kusifu sanaa peke yake. Jibu lipatikane katika historia ya kazi hiyo.

Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz Band chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanzania. Mfumo huo ulienea: taasisi ya umma ilimiliki vyombo, wanamuziki wakalipwa mishahara, na Redio Tanzania ikarekodi na kutangaza. Kijana wa miaka ya 1980 aliyetaka uhakika wa riziki angelenga kuajiriwa na bendi ya taasisi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, studio binafsi zikaongezeka, na ilipopitishwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 tayari msanii mwenye kompyuta aliweza kutoa wimbo bila bendi. Tangu hapo mauzo yamehama kutoka kanda hadi intaneti. Alex Perullo, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu uchumi wa muziki Dar es Salaam, anaonyesha jinsi wanamuziki, watangazaji na wafanyabiashara walivyolazimika kubuni njia mpya za kujipatia kipato katikati ya mabadiliko hayo.

Katika muda usiozidi maisha ya kazi ya mtu mmoja, cheo kilichoonekana salama kilikaribia kutoweka. Waliojua kusoma nota, kupanga sauti za ala, kunasa sauti safi au kusoma mkataba kwa makini walihama na ujuzi wao. Anayejali ajira kwa dhati, basi, ana sababu zaidi ya kuchagua mbinu, kwa kuwa ndiyo anayoweza kuihamishia katika kazi ambayo bado haijapata jina.

5. Hoja ya mapenzi ya mada

Kupenda mada ni mwanzo mwema, lakini hakutoshi kuamua. Tuseme wanafunzi watatu wanaipenda singeli, muziki wa Dar es Salaam ambao kasi yake huweza kupita mapigo 200 kwa dakika. Mmoja anataka kuutengeneza, mwingine anataka kujua mitaa iliyouzaa, wa tatu anataka kujua nani analipwa wimbo ukichezwa. Siku ya kazi ya wa kwanza hupita mbele ya kompyuta, akikata na kuunganisha vipande vya sauti. Ya wa pili hupita mitaani, akihoji na kuandika daftari la uwandani. Ya wa tatu hupita katika mikataba na kumbukumbu za malipo. Mapenzi yao ni ya muziki uleule, ila kazi za mikono yao hazifanani.

Kipimo cha kweli, kwa hiyo, ni kazi ya kila siku. Je, mwanafunzi anaweza kuifanya kazi hiyo kwa makini hata pale mada inapochosha? Anayefurahia kusikiliza sekunde tano za wimbo mara arobaini ili aandike nota zake amekwisha kujijua kwa kiasi kikubwa, hata kama hajaamua atautafiti muziki gani.

6. Mapendekezo

Uchaguzi wa namna hii hauwezi kufanywa kwa kusoma maelezo ya kozi. Idara iutumie mwaka wa kwanza kumfanyisha mwanafunzi kazi halisi. Kila mmoja apewe rekodi moja, tuseme ya taarabu, ya ilimba ya Wagogo au ya kwaya, naye aifanyie kazi nne chini ya walimu tofauti: aandike nota zake, aipige au aiimbe, amhoji mtu anayeujua muziki huo, na aisafishe sauti yake. Baadaye atetee uchaguzi wake kwa kujibu maswali matatu. Ni swali la aina gani ninataka kuwa na uwezo wa kulijibu? Ushahidi wake hupatikana kwa kazi gani? Na je, chuoni kwangu yupo mwalimu na vipo vifaa vya kunifunza kazi hiyo?

Swali la tatu linahitaji uaminifu wa idara. Mchepuo usio na mwalimu usitangazwe. Pale ambapo ujuzi upo nje ya chuo kikuu, kama udi na ganuni katika Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, au ngoma katika taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, idara ifanye makubaliano na masomo ya huko yahesabiwe.

Mwanafunzi naye apime kipi anaweza kujifunza peke yake baadaye na kipi hawezi. Programu ya kompyuta hubadilika, na mhitimu anaweza kuisoma upya akiwa kazini. Sikio, ala, uandishi wa nota na uhojaji wa uwandani huhitaji miaka ya kusahihishwa. Miaka michache ya shahada itumike kwa vile visivyosomeka bila mwalimu. Kwa sababu hiyohiyo kupiga au kuimba kubaki lazima kwa wote, hata kwa waliobobea katika historia au biashara.

Yapo maoni kwamba ubobezi wa mapema humfunga kijana. Kikosi kazi cha College Music Society ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2014, kilitaka mitaala ijengwe juu ya ubunifu, uanuwai na uunganishaji wa maarifa, na iwape wanafunzi uhuru zaidi wa kuchagua. Nakubaliana na lengo hilo. Lakini uunganishaji unahitaji vitu vya kuunganishwa. Uhuru utakaomfaa mwanafunzi ni wa kuongeza mbinu ya pili akishasimama imara katika ya kwanza, na wa kubadili mchepuo mwishoni mwa mwaka wa kwanza bila kuadhibiwa.

7. Hitimisho

Shahada mtambuka ni ahadi kubwa, na hutimia pale kila mhitimu anapoweza kusimama mbele ya wenzake wa fani nyingine na kusema: hili ninalijua, nimelijua kwa njia hii, na mnaweza kunihakiki. Muziki wa Afrika Mashariki umeandikwa kwa wingi na watafiti waliotoka mbali, na kazi zao nyingi ni nzuri. Ili vijana wetu waweze kuzithibitisha, kuzirekebisha na kuzipita, wanahitaji mbinu walizozimudu sawasawa. Idara zinazopanga michepuo na wanafunzi wanaoichagua wana wajibu wa kuanza kwa swali la mbinu, kabla ya kuulizana kuhusu majina ya kozi na matangazo ya kazi.